Kikwembe cha Mama kwenye Festivali ya Mushaki

Kama umewahi kuona ile picha yangu wanayoibandika kwenye matangazo ya festivali kila mwaka, basi umeona na uongo wake. Niko mbele ya piano kubwa nyeusi, nimeinama, gauni refu, mkono kifuani. Chini ya viatu vyangu kuna kitambaa cha manjano na buluu. Walioandika maelezo wamekiita mkeka wa asili. Mkeka! Watu waliosoma mpaka nywele zikawaisha, wameshindwa kutofautisha mkeka na kikwembe. Kile ni kikwembe cha mama yangu, kile cha pili anachojifunga juu ya kingine siku ya Jumapili. Nitaeleza namna kilivyofika chini ya viatu vyangu, ingawa sipendi kueleza.

Mimi ni mtu wa Kibabi, huku Masisi. Wazazi wangu ni walimaji wa maharagi na mihogo, na wazazi wao vilevile. Kinanda nilijifunzia parokiani, kwenye armonium ya masista iliyokuwa na vibonye vinne vilivyokufa, na mpaka leo vidole vyangu vinaviruka vile vinne bila kuniuliza. Sista mmoja aliandika barua, barua ikanipeleka shule ya muziki Ulaya, na shule ikanitia katika kazi hii ya kuzunguka dunia nikipiga piano za watu. Mwaka wa ishirini huu nazunguka.

Sasa nikuambie festivali ni nini, juu wengi huku kwetu wanadhani ni sikukuu. Sikukuu gani! Ni wiki mbili za kula vitu vidogo kwenye sahani kubwa na kusifiwa na watu ambao hawakusikiliza. Mama mmoja mwenye manukato atakushika mkono asiuachie, akuulize unasikia nini rohoni unapopiga. Nasikia njaa, mama, sijala tangu asubuhi. Wapiga piano wenzangu ndio usiseme. Mmoja anasafiri na kiti chake mwenyewe, anakipakia kwenye ndege. Mwingine hagusi kibonye mpaka dirisha fulani lifungwe, na likifungwa analalamika joto. Na wasikilizaji je? Muziki wetu huu una sehemu, tuseme tatu, na sehemu moja ikiisha kabla nyingine haijaanza ni marufuku kupiga makofi. Wanakaa kimya kama wako matangani. Hata kikohozi wanakiweka akiba: sehemu ikiisha wanakohoa wote pamoja, halafu wananyamaza tena. Hiyo wanaiita heshima, na mimi niliizoea.

Na mimi mwenyewe wananiuza namna gani? Kwenye vijitabu vyao nimezaliwa Omate, kule Walikale, kando ya mashimo ya madini. Mimi Omate sijakanyaga hata siku moja. Nilimwambia yule mkurugenzi wa kwanza aliyeandika hivyo kwamba mimi ni mtoto wa maharagi, wa Kibabi. Akatabasamu, akasema maharagi hayamgusi mtu. Nikanyamaza, juu nilikuwa nataka kupiga. Tangu hapo nimechimba madini katika kila nchi niliyopewa piano.

Hayo yote nilikuwa nayameza. Jambo moja tu lilikuwa limenikaa moyoni: mama yangu hakuwahi kunisikia. Kanisani alinisikia, ndiyo, lakini nilikuwa mtoto na nilikuwa nasindikiza kwaya. Piano yenyewe, mimi peke yangu, hapana. Nilimtumia wimbo kwa simu ya dada yangu. Akasikiliza, akasema inalia kama mvua kwenye mabati, akarudisha simu. Na sikio lake la kushoto lilikuwa limekwisha, la kulia linafuata. Dada yangu hakunificha. Aliniambia, "Ukichelewa, utapigia kiziwi."

Kwa hiyo watu wa festivali moja waliposema wanataka kupeleka piano Masisi na Walikale kwa ajili ya amani, nilikubali kabla hawajamaliza sentensi. Walikale ilibaki kwenye karatasi, barabara iliwashinda. Ikabaki Mushaki, siku moja, mchana, ndani ya hangari ya kuwekea mahindi. Nilimpigia mama simu mara nne wiki ile. Nilimwambia asibebe gunia la maharagi. Nilimwambia kuna kiti chake mstari wa mbele, kimeandikwa jina lake. Nilimwambia avae viatu vya kufunga, juu ya matope. Nilimwambia yote ya bure, nikasahau la maana, kama utakavyoona.

Piano ilipanda kutoka Goma juu ya lori, ikakwama kwenye matope ya baada ya Sake, ikasukumwa na watu wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, ambao hakuna kijitabu kilichowataja. Mkurugenzi wa safari hii alikuwa papa mmoja, mwanaume mtu mzima wa Ulaya, mwenye skafu ya hariri. Alipofika Mushaki jambo la kwanza alilofanya ni kuomba ng'ombe wahamishwe, juu mlio wao haukupatana na piano. Watu wenye ng'ombe wakawahamisha. Wakamtazama tu, wakawahamisha.

Wageni wenye magari walikaa mbele. Walimaji wa Mushaki walikaa nyuma, wamevaa nguo za kanisani. Ndipo mkurugenzi akasimama kuwafundisha kusikiliza, watu wanaoimba kwa sauti nne tangu utoto! Akainua mkono. Mkono ukiwa juu, akasema kwa mtafsiri wake, ni kimya: hakuna makofi, hakuna vigelegele, mpaka mkono ushuke mwishoni kabisa. Papa mmoja wa nyuma akauliza kwa adabu, "Sasa akipiga muzuri, atajua namna gani?" Wageni wakacheka. Na mimi nilicheka, afadhali niseme.

Mama alikuwa hajafika. Walikuwa wametoka Kibabi asubuhi kwa pikipiki mbili, yeye na dada yangu, na mvua iliwakamata njiani. Hakuyasikia mafundisho ya mkono. Na mimi kwenye simu sikuwa nimemwambia lolote juu ya kimya, juu kwangu kimya kilikuwa kimeshakuwa kitu cha kawaida, kitu kisichohitaji kusemwa.

Kwetu Kibabi, mtu anayesimama kuimba peke yake kanisani haachwi peke yake. Wamama wanamwitikia. Wanapiga vigelegele, mmoja anatoka na kikwembe anamtandikia mbele ya miguu, mwingine anampangusa jasho. Ukimaliza ubeti na kanisa limenyamaza, ujue wamekukataa. Labda umemtukana mkwe, labda umechukua mume wa mtu, lakini wamekukataa, na wanakuambia mbele ya Mungu. Hapo kazi ni ya mama yako. Yeye njo anasimama, anakutandikia kikwembe chake mwenyewe, anaanzisha wimbo mwingine, mpaka wenye roho nzuri wamsaidie kukutoa kwenye ile aibu.

Aliingia nikiwa katikati ya sehemu ya kwanza. Nilimwona kwa pembe ya jicho, amelowa mpaka magotini, na moyo wangu ulipanda hata nikakosea noti mbili. Kiti chake cha mbele kilikuwa kimekaliwa na papa mwenye kamera, basi walimkalisha nyuma kabisa. Hakujali. Aligeuza sikio lake la kulia kuelekea kwangu, akalishika kwa kiganja. Nilipiga sehemu ile namna sijawahi kupiga tena. Ikaisha.

Kimya. Mkono wa mkurugenzi uko juu. Mgeni mmoja akakohoa.

Nikamwona mama anaangalia kulia, anaangalia kushoto. Akamgusa bega jirani yake, jirani akatazama chini. Nikaanza sehemu ya pili, ile ya polepole. Ikaisha nayo, na kimya kikawa kilekile.

"Ebu!" Sauti ilitoka nyuma. Mama alikuwa amesimama. "Juu ya nini munanyamazia mutoto yangu? Iko kosa gani alifanya?"

Mkono wa yule papa wa skafu ulibaki hewani, kama mkono wa mtu anayesimamisha gari. Mama akaanza kuja mbele na nyonga yake mbovu, anajifungua kikwembe cha juu huku anatembea. Akafika. Akakitandika mbele ya piano, hapo hapo kwenye miguu yangu, akakinyoosha kwa kiganja kama anatandika kitanda cha mgeni. Akapiga kigelegele, kimoja, peke yake, kikamkatikia kooni. Halafu akaanzisha wimbo wetu wa parokia, ule wa mavuno, ili nipate kitu cha kushika.

Wimbo ule naujua. Mikono yangu inaujua kuliko kitu kingine chochote. Ningeishusha tu ningempata, hata kwenye noti aliyoianza, na wale wamama wa Mushaki walikuwa wameshafungua midomo, niliwaona. Walikuwa wananingoja mimi.

Mkurugenzi hakumwangalia mama. Aliniangalia mimi, na kwa kidole akazungusha: endelea. Kamera ilikuwa inakamata picha. Papa wawili wenye fulana za festivali wakamshika mama viwiko, polepole, kwa heshima, wakamgeuza kuelekea mlangoni. Alikuwa bado anaimba.

Nikaanza sehemu ya tatu. Hakuna aliyenishika mikono mimi. Niliipiga yote, haraka na safi, bila kosa hata moja.

Mkono ulipokuja kushuka, makofi yakalia. Wageni walisimama. Mimi nikainuka nikainama, na njo hapo walipopiga ile picha. Mkurugenzi akaniambia sikioni kwamba lile tukio la yule mwanamke lilikuwa zuri ajabu, halisi kabisa, na akauliza kama anaweza kuja tena kwenye festivali ya mwakani. Nilimchukia hata meno yakaniuma. Lakini ukweli ni kwamba nilimchukia kwa kuwa aliponizungushia kidole, alijua tayari nitafanya nini.

Sehemu moja na nusu na kimya chake, hiyo njo yote mama yangu aliyosikia. Kabla ya mvua za mwaka uliofuata, sikio la kulia lilikuwa limekwisha nalo.

Nilimkuta nje, amekaa juu ya jiwe kandokando ya ua walikohamishiwa ng'ombe, dada yangu yuko pembeni anakamua maji kwenye sketi yake. Dada hakunisalimia. Mama alinisogezea nafasi.

"Mama, unisamehe," nikasema.

"Ya nini? Walikukubali?"

"Walinikubali, Mama."

"Aksanti Mungu." Akanipangusa jasho la paji kwa mkono, vile wanavyofanya Kibabi. "Mi niliogopa sana. Walinitosha inje, nikakuja kukungojea hapa. Nasikia kinanda bado inalia, njo nikaambia dada yako: ona, banaweka muntu ingine pale. Mutoto yetu iko anakuja."

Dada yangu aliinua macho akanitazama, akangoja.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Waliweka mtu mwingine."

Baridi ya Mushaki ilikuwa imeanza kushuka, akaomba kikwembe chake. Nikarudi hangarini. Kilikuwa bado sakafuni, wageni wanakizunguka na glasi zao. Nikamletea. Akakikung'uta, akakifungua kukitazama kwenye mwanga, na katikati, juu ya ile manjano, kulikuwa na alama mbili za viatu.

"Na huyu alikanyaga ni nani?" akauliza.

"Ni yule mwingine," nikasema.