Kigingi Kando ya Cherehani

Soko la Dzaleka, kambi ya wakimbizi kule Malawi, miaka ile vita vya kwetu Congo vilipokuwa vikali, halikuwa na njia. Usidhani natia chumvi. Mtu aliyetaka samaki wakavu alipita kwanza kwenye mitumba ya mwenzake, akainama chini ya turubai la muuza sabuni, akaruka mfereji wa maji machafu, ndipo akafika. Ukiuliza nani alipanga hivyo, jibu ni kwamba hakuna. Wakimbizi wa kwanza walikuta majengo ya gereza la zamani, wakatandaza vitu vyao ukutani, penye kivuli. Waliofuata wakatandaza mbele yao. Sisi wa Uvira na Fizi tulifika baada ya Warundi wengi, tukatandaza mbele ya hao. Hivyo ndivyo soko lilivyokua, kiraka juu ya kiraka.

Shemeki wangu, mjane wa kaka yangu, alikuwa na kiraka kizuri kuliko vyote. Cherehani yake ilikaa kwenye kona ya pampu ya maji. Wanawake waliokuja na ndoo walimpita, na wanakijiji wa Dowa, wenyeji wa jirani, walioleta mahindi na nyanya walimpita pia. Mtu akisubiri zamu ya maji anaanza kutazama nguo yake, anaona mshono ulioachia, na mshonaji yuko pale pale. Kona ile ndiyo iliyowalisha watoto wa kaka yangu. Angehamishwa hadi nyuma, karibu na vyoo, asingepata hata kifungo cha kushona.

Basi siku moja mwenyekiti wa soko, Mrundi mmoja mwenye mgahawa wa chai, alitangaza kwamba soko litapangwa upya. Atakuja bwana kutoka Lilongwe anayejua kupanga miji. Zitachorwa njia mbili, zitakutana kwenye pampu, na kila mfanyabiashara atapewa nafasi yenye mipaka. Mimi nilichaguliwa kutafsiri, kwa sababu nilikuwa mwalimu kwetu, na Kiingereza na Kichewa nilikuwa nimejifunza kiasi.

Ukitaka kujua jinsi habari hiyo ilivyopokelewa, sikiliza maneno ya shemeki jioni ile, akiwa amebana sindano mdomoni.

“Njia mbili zitakutana kwenye pampu?”

“Ndiyo.”

“Na pampu iko wapi?”

“Karibu na wewe.”

“Njo hivyo. Njia itapita juu ya tumbo yangu. Na ile mugahawa ya mwenyekiti, yeye njia itamupita wapi?”

Nilikuwa nimeiona ramani, maana ni mimi niliyeitafsiri. Njia ilikuwa ikipita mbele ya mgahawa, vizuri kabisa, kama iliyoalikwa chai. Niliinama kuokota vipande vya uzi chini. Alitoa sindano mdomoni akanicheka.

“We mwalimu, unafundisha batu kusoma, lakini wewe mwenyewe unasoma na kunyamaza.”

Bwana mpimaji, ndivyo tulivyomwita, alikuwa mtu mpole mwenye viatu vilivyokwisha visigino. Jambo hilo lilinisumbua. Nilitarajia mwizi avae vizuri zaidi. Alipoona kwamba simwamini, hakukasirika. Aliniita mwalimu kwa Kichewa, akasema, “Aphunzitsi, twende Lilongwe ukaone kwa macho,” akanipakia kwenye pikapu yake. Njiani tulipita nyumbani kwake, mtaa wa Area 47, mkewe akatupa nsima, ugali wa kule, na maharage. Nilikula huku nikijiuliza kwa nini ananilisha. Ukiwa mkimbizi, sahani ya bure inakupa kazi ya kufikiri.

Kisha tukaenda mtaa wa Area 25, kwenye soko ambalo yeye na viongozi wa pale walikuwa wamelipanga. Lazima niseme ukweli: lilikuwa zuri. Njia zilikuwa pana, mwanamke mwenye mzigo kichwani na mwingine mwenye mtoto mgongoni wangeweza kupishana bila kugusana. Maji ya mvua yalikuwa na mfereji wake. Kabaza, yaani baiskeli za kubeba abiria, zilisimama nje kwa mstari. Mabati mapya yalikuwa yakipigiliwa kwenye duka baada ya duka, maana mtu akijua mpaka wake hauhami, anathubutu kujenga. Hilo bwana mpimaji alinieleza mara kadhaa, nami nililielewa mara ya kwanza.

Alipokwenda kusalimiana na wenzake, nilimuuliza mwanamke mmoja wa nyanya, kwa Kichewa changu cha kuchechemea, “Amayi, kabla ya njia hizi, hapa palikuwa na nani?”

Alinitazama kama anayepima kama mimi ni mtu wa serikali. Kisha akaonyesha kwa kidevu. “Wako nyuma.”

Nikaenda nyuma. Huko kulikuwa na safu ya wanawake waliokaa mbele ya mafungu madogo ya dagaa, wakifukuza nzi, hakuna mnunuzi. Niliwauliza kilichotokea. Mmoja, mzee kidogo, akacheka bila furaha.

“Siku ya kupima tulikuwa shambani. Aliyekuwepo kwenye nafasi yake aliwekewa kigingi. Asiyekuwepo, nafasi yake ikawa tupu, na nafasi tupu ina wenyewe.”

“Wenyewe ni nani?”

“Nenda mbele ukahesabu ndugu za kamati.”

Nilirudi kwenye pikapu. Nilimuuliza bwana mpimaji kama ni kweli kwamba asiyekuwepo hupoteza. Alisema ndiyo, na kwamba hiyo ndiyo njia ya haki, kwa sababu yeye hawezi kujua kibanda ni cha nani kwa kukitazama. Lazima mtu asimame pale, na majirani wake wa kushoto na kulia wakubali. Ukifikiri vizuri utaona kwamba alikuwa na hoja. Lakini mimi nilikuwa nawafikiria watu wangu, nami niliona kwamba wengi wao hawatakuwepo. Ngoja nikueleze kwa nini.

Kwetu, tangu enzi za Zaire, kulikuwa na salongo, kazi ya pamoja. Asubuhi ya salongo chuma kinagongwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe, mnafagia soko, mnazibua mifereji, mnataniana, mnarudi nyumbani. Kisha vita vikaja, na askari wakagundua kwamba chuma kile kikilia watu hutoka wenyewe, bila kutafutwa. Wakakigonga. Wanaume waliokwenda kufagia soko walitwishwa masanduku ya risasi wakapandishwa milimani. Kaka yangu alitoka na jembe lake asubuhi. Lililorudi ni jembe. Jirani alilikuta barabarani. Tangu hapo mtu wa kwetu akisikia chuma kinawaita watu sokoni, anatoka kwa mlango wa nyuma. Hakai kufikiri. Miguu imeshaamua.

Na Dzaleka, mwenyekiti aliwaitaje watu? Kwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye nguzo ya gereza la zamani.

Nilimkuta mgahawani, akifuta meza. Nilimwomba siku ya kupima asiigonge rimu.

“Nigonge nini, mwalimu? Kifua changu?”

“Watu wa Uvira na Fizi hawatakuja. Watakimbia.”

“Mimi nawaita kwa faida yao. Asiyetaka faida, nimfanyeje?” Aliendelea kufuta mahali pale pale palipokwisha kuwa safi. “Bwana mpimaji anakuja siku moja tu. Soko ni kubwa. Lazima wote wasikie.”

Nilimtazama usoni. Alikuwa ameishi nasi miaka. Alikuwa ameona jinsi rimu ikilia upande wetu wa soko unavyotoweka. Je, alikuwa amesahau, au alikuwa anakumbuka vizuri sana? Mpaka leo sijui. Aliniwekea chai, nami sikuinywa.

Jioni nilimweleza shemeki yote: wanawake wa dagaa kule nyuma, vigingi, nafasi tupu. Nilimweleza polepole, kama nilivyokuwa nawaeleza wanafunzi hesabu za kugawanya, nikirudia pale alipokunja uso.

“Kwa hiyo siku ile lazima ukae kwenye kona yako,” nilimalizia.

“Rimu italia?”

“Italia.”

“Basi mi sitakuwa.”

“Shemeki, si askari. Ni mtu mwenye kamba.”

“Na kule kwetu walianza na nini? Walianza na mutu mwenye kufagia.” Alivuta kitambaa kwenye cherehani. “Walikupatia nini kule Lilongwe, bakakugeuza hivi?”

“Nsima na maharage.”

“Hata nyama hapana? Umejiuza bei ya chini, mwalimu.”

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka, nami niliona kwamba simwezi kwa maneno. Maneno yangu yote yalikuwa ya kweli na hayakuwa na kazi. Huwezi kuieleza miguu ya mtu.

Kilichonijia ni kwaya. Wanawake wa kwaya ya kanisa letu walikuwa wamempa shemeki sare za kushona, na walikuwa bado hawajajaribishwa. Nilikwenda kwa kiongozi wao, mama mmoja mnene wa Fizi mwenye sauti ya kuamsha kijiji, nikamwambia wazi ninachokitaka: waje kwenye kona asubuhi hiyo, kabla ya chuma, wajaribishwe nguo. Si mkutano. Ni nguo.

“Na chuma ikilia?”

“Utakuwa na mkono mmoja umeshonwa na mmoja haujashonwa. Utakwenda wapi?”

Alifikiri, akakubali. Nadhani alitaka sare zaidi ya kutaka kona.

Asubuhi ile walikuja. Shemeki alifurahi kuwaona, akawapanga, akaanza kubana kwa pini. Mimi nilijifanya kununua karanga. Ndipo rimu ikalia.

Sijui kama umewahi kuona soko likimwagika. Wauza samaki wa kwetu waliacha samaki. Mwanamke wa mihogo alijitwisha sinia akatokomea nyuma ya gereza. Shemeki alisimama, akakumbatia kichwa cha cherehani aking'oe mezani. Mama wa kwaya alikuwa amevaa blauzi ya mkono mmoja, pini zimemzunguka shingoni kama mkufu. Alimkamata shemeki kwenye kiwiko.

“Mama, mi sitatembea mu Dzaleka na mukono moja. Batoto batanicheka mpaka nirudi Congo.”

“Niache.”

“Maliza mukono yangu, halafu ukimbie. Mi nitakimbia nyuma yako.”

Shemeki alimtazama. Akakiachia kichwa cha cherehani. Kisha akakaa. Akaanza kushona mkono ule, vibaya, mshono ukienda upande, na kila rimu ilipolia sindano ilisimama, kisha ikaendelea.

Bwana mpimaji alifika na kamba yake na vigingi vyake. Mwenyekiti alikuwa nyuma yake. Walisimama mbele ya kona. Bwana aliuliza kwa Kichewa kama nafasi hii ina mwenyewe, nami nikatafsiri. Majirani wa kushoto na kulia hawakuwepo, walikuwa wamekimbia. Mwenyekiti alikohoa kidogo na kusema kwamba bila majirani ni vigumu. Wanawake wa kwaya, wote waliokuwa na pini, walisema kwa pamoja, kwa sauti ile ya kanisani, kwamba kona ni ya mshonaji. Bwana mpimaji alitabasamu. Akapiga kigingi.

Shemeki hakutabasamu. Alichukua futi yake ya kushonea, ile ya utepe, akapima kamba ya bwana mpimaji mbele yake, kipande kwa kipande, mpaka mwisho. Alipima upana wa njia, kisha umbali kati ya njia na mguu wa meza yake. Bwana alisubiri, mikono nyuma. Futi na kamba zilikubaliana. Shemeki akasema, “Iko sawa,” kwa sauti ya mtu ambaye bado anatafuta kosa.

Nilimwomba bwana mpimaji asipime sehemu nyingine za upande wetu hadi mchana. Alikubali, akaenda kupima upande wa Warundi kwanza. Kwa muda ule watu wa kwetu walikuwa wakichungulia kutoka kwenye kona za gereza. Waliona wanawake wa kwaya bado wapo, wakicheka, wakigeuka kwenye nguo mpya, hakuna aliyetwishwa kitu. Walianza kurudi mmoja mmoja, kama watu waliosahau kitu. Wengi walipata vigingi vyao. Wachache hawakurudi, na nafasi zao zilipata wenyewe, na mmoja wa hao wenyewe alikuwa shemeji wa mwenyekiti. Mgahawa wa mwenyekiti mwenyewe ulikaa vizuri sana kwenye njia mpya. Na njia mpya ilikuwa nzuri. Wanakijiji wa Dowa waliongezeka, watu walijenga vibanda vya matofali, jioni watoto wa kaka yangu walikimbia katikati ya soko bila kukanyaga vitu vya mtu. Yote mawili ni kweli, nami sijawahi kufaulu kuyatenganisha.

Mwenyekiti aliiteremsha rimu baada ya hapo, bila kumwambia mtu sababu. Akaanza kupita mwenyewe, kibanda kwa kibanda, kuwaambia watu habari. Labda alikuwa ameelewa. Labda uchaguzi wa kamati ulikuwa karibu.

Ama shemeki, kigingi chake hakukiondoa hata mipaka ilipojengwa kwa matofali. Kilibaki kando ya cherehani. Kila asubuhi, kabla ya kutia uzi kwenye sindano, alifungua futi na kupima kutoka mguu wa meza hadi kwenye kigingi. Siku moja nilimkuta akifanya hivyo.

“Bado unapima? Kigingi hakitembei, shemeki.”

“Vigingi havitembeaka,” alisema, akiikunja futi. “Batu njo banatembeaka.”

Kisha akanipa ncha ya futi niishike, ili apime tena, maana mara ya kwanza alikuwa amepima peke yake, bila shahidi.