Karanga za Baba Mkwe

Siku ile naikumbuka sana, mjukuu wangu, maana niliimaliza bila kukaa chini. Na leo umenirudisha kulekule. Umeingia na kikopo cha siagi ya karanga, umekifungua, unataka kumlisha mtoto hapohapo. Hata hujanusa! Hebu kiweke kwanza, unisikilize.

Tulikuwa tunakaa Iyunga, miaka ya hamsini, wakati wa mvua. Mume wangu alikuwa Mafinga akipasua mbao, mimi nimebaki na Ambokile, mtoto wangu wa kwanza, ndiyo kwanza anaota meno. Alikuwa ametoka kuharisha, mbavu zote nje. Pale zahanati wakaniambia nimtilie karanga za kusaga kwenye uji, apate nguvu. Habari zikafika Tukuyu kwa baba mkwe, naye hakungoja. Akapanda basi, akashukia Mwanjelwa, akanunua karanga sokoni, akaja nazo kwa miguu mpaka kwangu katika tope lote lile.

Sasa, wewe umezaliwa juzi, hujui mambo ya kwetu Wanyakyusa. Mwanamke haonani na baba mkwe wake. Humtazami, humsalimii, humtaji jina. Ukisikia anakuja njia hii, unapita ile. Kwa hiyo mzee alipokohoa uani, nilikimbilia ndani na mtoto. Akaacha kifurushi mlangoni, akakaa barazani akiupa mlango mgongo, akasema kwa sauti, kama anaongea na mvua: "Mjukuu wangu ale uji wa karanga leo. Sipandi basi mpaka nisikie ameshiba."

Nikanyoosha mkono, nikavuta kifurushi. Karanga zimeshamenywa, zimekaangwa kwa chumvi, zinanukia hasa. Nikaweka kinu chini, nikatia moja mdomoni kama mama alivyonizoesha. Loo! Chungu kama kwinini! Nikapasua nyingine kwa ukucha: ndani ukungu wa kijani. Nyingine nzuri. Inayofuata imeoza. Chumvi na moto vilikuwa vimeficha kila kitu, na mzee wa watu meno yalishamwisha, angetafuna na nini?

Nikaanza kuzunguka chumba. Mtoto mgongoni analia njaa, nje baba mkwe anakohoa. Nichague zile nzuri? Ukungu huwezi kujua umegusa wapi. Nipike uji mtupu niseme ameshiba? Kesho angeleta nyingine zilezile. Na kumwambia siwezi! Nikachungulia dirisha la nyuma nikamwita jirani yangu Mama Salima, watu wa Tanga wale, mumewe ana duka la nguo, nikamsihi anisemee kwa mzee.

"Mie?" akasema. "Ya wakwe siyaingilii, shoga. Mkishapatana, mbaya nitakuwa mie." Akafunga dirisha lake.

"Mbona sisikii kinu?" baba mkwe akauliza kule nje.

Nikamshusha mtoto, nikamweka mbele yangu. Nikasema na mtoto, lakini kwa sauti ya kufika barazani: "Ambokile, babu yako anakupenda. Katoka mbali kwa ajili yako. Lakini karanga hizi zimeoza ndani, baba, na tumbo lako bado bovu. Sikupi. Hata wakinirudisha kwetu, sikupi."

Mvua ikazidi juu ya bati.

"Ambokile," mzee akasema, "mwambie mama yako atoe moja."

Nikaipitisha kwenye upenyo wa mlango. Nikasikia akiipasua. Halafu nikasikia miguu yake ikiondoka bila kuaga. Nikajua nimekwisha. Nimemwaibisha baba wa mume wangu, na barazani kwangu! Nikafunga nguo zangu kwenye kitenge, nikazifungua. Nikafagia mahali nilipokwisha kufagia. Nikamlisha mtoto uji mtupu, akala vijiko viwili akageuza uso. Basi la Tukuyu likapita barabarani, nami nikalia kwa sauti.

Jioni nikasikia kikohozi. Kisha pa, pa, pa, kama mtu anavunja vijiti. Nikachungulia kwa jicho moja, Mungu anisamehe. Baba mkwe alikuwa barazani ameloa chapachapa, ungo wa Mama Salima mapajani, anamenya karanga za maganda. Kila moja anaipasua, anaitazama, anainusa. Alikuwa amerudi Mwanjelwa kwa miguu. Mwanamume wa umri ule, kumenya karanga hadharani! Alipomaliza akausukuma ungo mlangoni, akageuka tena.

"Ambokile, sikia. Nimeuziwa uozo kwa sababu niliona haya kupasua karanga ya mtu mbele ya macho yake. Wewe mama yako akikukataza chakula, hata kikitoka mkononi mwangu mimi, usile."

Nilitwanga karanga zile nikilia, mwanangu, na mtoto alikula mpaka akasinzia na kijiko mdomoni.

Basi ninachokuambia ni hiki. Karanga nunua za maganda ukizipata, kavu, ukizitikisa zilie. Za kumenywa ziwe zimejaa, zisiwe zimenyauka wala kuwa na madoa. Na zikishakaangwa kwa chumvi nyingi, jiulize kwa nini. Pasua moja hapohapo dukani, tafuna. Ikiwa chungu, ziache zote, usikae kuchagua. Hicho kikopo nacho kisome: karanga, labda na chumvi kidogo, basi. Sukari ya nini kwa mtoto? Mafuta yakielea juu yasikutishe, koroga. Kikinuka mafuta ya zamani, kirudishe. Mwenye duka akinuna, anune. Na siku mimi mwenyewe nitakapomletea mtoto wako kitu kibaya, usinionee haya kwa kuwa ni bibi yako. Niambie usoni.

Mungu akukuzie huyu mtoto, apate mwili na akili. Akupe wakwe wanaosikia. Na siku utakayobaki peke yako kumtetea, Mungu asikunyime sauti. Haya, nusa hicho kikopo.