Maneno ya Mpepeta Mchele

Nimekuwa mwandishi wa habari za uchunguzi kwenye gazeti la hapa Mombasa miaka mingi, na watu wanaponisimamisha njiani hunitajia ile habari ya mchele wa Shimanzi. Huwashukuru, kisha huwauliza habari za nyumbani ili tuzungumze mengine.

Aliyenipa habari ile alikuwa mama mmoja mjane wa Kibokoni, jirani ya shangazi yangu. Alikuwa akipepeta mchele ghalani huko Shimanzi pamoja na wanawake wenzake. Mchele ulioingia maji ya bahari ulianikwa juu ya maturubali hadi ukauke, ukachanganywa na mzima, kisha ukatiwa kwenye magunia mapya kwenda madukani. Alinieleza yote uani kwa shangazi, huku akimenya vitunguu thaumu.

"Mtele ule, mwanangu," akasema, "ukiupika hata jini wa nyumba huhama."

Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Aliniomba jambo moja tu, asijulikane.

"Mama, jina lako sitalitaja," nikamwambia. Na sikulitaja.

Nilifuatilia mpaka nikapata picha, na madereva wawili wa malori wakakubali kusema. Lakini nilipokaa kuandika, habari ilikuwa kavu. Nikayatia maneno ya yule mama kama alivyoyasema, nikaandika tu kwamba ni ya mfanyakazi mmoja. Mhariri alitaka "mtele" iwe "mchele". Nikakataa, nikamwambia ladha ya habari yote imo mle. Moyo ulinisuta kidogo nilipokuwa nikibishana naye. Niliupuuza.

Yaliyofuata nilihadithiwa na mmoja wa wale madereva. Asubuhi gazeti lilipotoka, mnyapara wa ghala aliwakusanya wafanyakazi akawasomea. Walisikiliza wameinamisha vichwa. Alipofika kwenye jini wa nyumba, wanawake waliangua kicheko, kwa mazoea tu, maana mwenzao alisema hivyo kila siku: chai ikiwa mbovu, joto likizidi, mume wa mtu akinuna. Kisha wakanyamaza, wote kwa mara moja. Yule mama peke yake hakuwa amecheka. Mnyapara alikunja gazeti, akamwambia akachukue buibui lake.

Ghala lilifungwa, nami nikapongezwa. Baadaye likafunguliwa tena chini ya meneja mwingine. Yule mama hakurudishwa, na maghala mengine ya Shimanzi hayakumtaka. Akaanza kuuza mihogo ya kuchoma pale Mama Ngina, kando ya bahari.

Nilichelewa sana kumwendea. Jioni niliyokwenda nilisubiri wateja wapungue.

"Masalkheri, mama."

"Masalkheri, mwanangu. Nikutilie pilipili?"

"Mama, nimekuja kukutaka radhi."

Aliendelea kugeuza mihogo juu ya makaa. "Jina langu ulilitaja?"

"La."

"Ulinizulia nisiyoyasema?"

"La, mama."

"Basi radhi ya nini? Yalikuwa majaaliwa."

Alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea, na ningeweza kuondoka. Lakini nilikuwa nimechoka kusifiwa.

"Nilijua hakuna mwengine asemaye vile," nikasema. "Niliogopa watakutambua. Lakini maneno yalikuwa mazuri, nikayaacha."

Mkono wake ukasimama. Alinitazama kwa muda, bila hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi.

"Hilo sikulijua," akasema.

Alipasua muhogo, akaupaka ndimu na pilipili, akanipa juu ya kipande cha karatasi. Kisha akawageukia vijana wawili waliokuja kununua. Nilikaa ukutani nikala wote. Ulikuwa moto ukaniunguza ulimi, lakini kukitupa chakula chake mbele ya macho yake sikuweza.

Bado mimi huenda kwake. Hunijibu salamu vizuri, kama amjibuvyo mteja yeyote. Zamani, uani kwa shangazi, alikuwa akiwaulizia wanangu mmoja mmoja. Sasa haulizi, nami sijapata ujasiri wa kumwambia kwamba yule mdogo ameanza shule.