Mgongo wa Kioo

Saa ya kwanza niliyoifungua ilikuwa imekufa kwa chumvi. Ilikuwa saa bandia, kubwa, yenye jina la fahari usoni na vijiuso vitatu vidogo ambavyo vilichorwa tu, mishale yake haikuzunguka. Saa za namna hiyo zilianza kuonekana kwetu Palma baada ya gesi kugunduliwa. Wageni walishuka na saa nzito mikononi, na haukupita muda nakala zake zikaja kwa mifuko kutoka Mtwara, zikavuka Ruvuma pamoja na sabuni na vitenge. Kila kijana aliyepata kibarua cha kufyeka majani kwenye kambi ya wageni hao alinunua moja. Hewa ya bahari ikazimaliza. Mtu akiona yake imesimama aliitupa, nami niliiokota.

Mimi ni mtu wa kukaa pembeni. Nilisoma mpaka klasi ya saba, na mwalimu alipouliza jambo, nilipokuwa bado nalipanga jibu kichwani mwingine alikuwa amekwisha jibu na kukaa. Saa haikuniharakisha. Nilitandika kitambaa cheupe mkekani, nikaweka vipande, na kila kipande kidogo nikakifunika kwa chupa ya jemu vumbi lisikiguse.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nilichukua kasha na uso wa saa bandia, kwa kuwa vilipendeza, nikatoa mashine yake mbovu na kutia mashine ya saa ya zamani, zile walizovaa wazee waliotoka kazini Tanga na Dar, ambazo hazitaki betri na hujitia ufunguo zenyewe kwa mwendo wa mkono. Mashine na uso havikukubaliana hata siku moja. Uso una vijiguu viwili nyuma, na vijiguu havikuingia kwenye matundu ya mashine ngeni. Nilivikata nikabandika kwa gundi, tone hapa na tone pale. Mishale niliikaanga juu ya mchanga wa moto ndani ya kifuniko cha kopo. Inaanza kuwa ya manjano, inakuwa kahawia, inakuwa zambarau, halafu ghafla inageuka buluu iliyokolea, na hapo uitoe upesi, maana ukikawia rangi inakufa. Mpira wa kuzuia maji niliukata kutoka kwenye tyubu ya baiskeli.

Halafu unafika wakati wa kuweka ile mashine ndani, unatikisa kidogo, na gurudumu dogo linaanza kwenda na kurudi. Sijui kueleza raha yake. Kitu kilikuwa vipande juu ya kitambaa, sasa kinakwenda, na hakuna mtu aliyekuharakisha.

Fundi simu wa sokoni, ambaye alinigawia gundi yake, hakuniachia raha hiyo bila kuitia chumvi.

"Weye, saa yako hiyo imesimama au inafikiri?"

"Inafikiri."

"Basi imefanana na bwana wake. Siku itakayosema, utuite."

Saa iliyo bora kuliko zote nilimtengenezea baba. Baba alikuwa na minazi na shamba la mhogo katika kijiji chetu cha zamani, ng'ambo ya ghuba. Nilipompelekea aliigeuza, akaweka kidole juu ya jina lililoandikwa usoni.

"Hapa panasemaje?"

"Jina la walioitengeneza, Baba."

"Ndio walioitengeneza?"

"Hapana. Wamelibandika tu. Walioitengeneza hawajulikani, na ndani nimetia mashine nyingine."

"Lifute. Siwezi kutawadha na uongo mkononi."

Nikalifuta kwa majivu na ncha ya wembe. Pakabaki doa jeupe kidogo, na doa hilo baba alilipenda.

Kisha nilifanya jambo ambalo mpaka leo ndilo najivunia. Watu wetu wengi wakiona mshale mfupi uko kwenye tisa asubuhi husema saa tatu, wala hawapati taabu. Baba alipata taabu. Aliona ni upuuzi mtu kusoma tisa na kutamka tatu. Basi saa yake niliitega kwa saa zetu: ikiwa saa tatu, mshale uko kwenye tatu. Ilikuwa na kidirisha cha kuonyesha siku, chenye herufi za Kizungu. Nikaichomoa ile sahani ndogo ya siku, nikaisugua, nikaandika juu yake siku zetu saba kwa herufi za chuoni, zile za msahafu, maana hizo ndizo baba anazosoma. Niliandika kwa unywele mmoja wa mkia wa mbuzi, na nilirudia mara nyingi.

Nilipoifunga ndipo nilipoona kitu ambacho sikukikusudia. Saa hubadili siku mshale mfupi ukifika juu, kwenye kumi na mbili, mara moja kila mizunguko miwili. Saa za wageni hubadili usiku wa manane, watu wamelala. Ya baba, kwa kuwa ilifuata saa zetu, ilibadili siku jua likizama. Na kwetu siku huanza hapo. Alhamisi jua likitua, usiku unaoingia ni usiku wa Ijumaa. Baba alikaa kibarazani akiangalia kidirisha, mwadhini akaanza, na ile Alhamisi ikateremka taratibu, Ijumaa ikapanda mahali pake.

"Ona," akasema. "Ona, imeswali."

Alicheka. Mara ya mwisho nilimsikia akicheka hivyo mama alipokuwa hai.

Mama alikufa nikiwa klasi ya tano, wakati wa masika, njia zote zimejaa maji. Mbao za kufunika mwanandani kaburini hazikupatikana. Baba aling'oa mlango wa nyumba yetu, akaukata vipande, akamfunikia. Ulikuwa mlango wa mbao nyekundu aliouchonga mwenyewe alipomwoa, na ulikuwa na kovu la moto chini, pale mama alipowahi kuangusha jiko. Tulilala jamvi likiwa limetundikwa mlangoni mpaka kiangazi.

Kaburi lake lilikuwa mojawapo ya makaburi matatu ya wanawake yaliyokaa pamoja kando ya mkorosho. La pili lilikuwa la bibi mmoja ambaye jamaa zake walihamia Mtwara. La tatu la mgeni aliyefia kijijini bila mtu. Yalikuwa na mawe ya kichwani, lakini mwaka trekta lilipopita kupasua njia ya kupima ardhi, mawe yalisukumwa yakalala chungu moja. Tangu hapo baba hakuwa na hakika ni lipi kati ya yale matatu. "Si kitu," alisema. "Likifunguliwa nitaujua mlango wangu."

Nalo lilikuja kufunguliwa. Mradi wa gesi ulitaka ardhi ya kijiji. Tulihamishiwa kijiji kipya, nyumba za saruji zimepangwa mstari, na yakabaki makaburi. Walimu wa dini walisema kwa dharura inajuzu, maadamu maiti anahamishwa kwa heshima na jamaa yake yupo. Zamu ya yale matatu ilipokaribia, mkalimani wa mradi alimwita baba. Alikuwa kijana kutoka bara, kwenye nyanda za juu, mpole, amevaa fulana yenye alama ya ofisi. Kiswahili chake alijifunzia ukubwani, Kireno kilitangulia. Mkubwa wake alisema, yeye akageuza kwa Kiswahili.

Baba alirudi nyumbani ametulia.

"Alhamisi, saa tisa, tukutane kwenye geti la mradi," akaniambia. "Wataniingiza kwa gari. Ni jambo jema. Tunaswali adhuhuri, tunamtoa, tunamlaza kabla ya jua kuzama. Usiku wa Ijumaa utaingia yuko mahali pake."

Nilikuwa nasafisha mashine. Sikuzoea kumuuliza baba mara mbili, lakini nilimuuliza.

"Saa tisa yetu, Baba, au yao?"

"Kijana amesema kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili kuna saa tisa ngapi?"

Nikainamia mashine tena. Yalikuwa maneno ya haki.

Alhamisi baba alioga, akavaa kanzu, akakunja sanda mpya aliyonunua Palma, akaipakata kama mtoto. Tuliondoka baada ya adhuhuri. Getini hapakuwa na gari. Palikuwa na mlinzi kijana, Mswahili wa Mocímboa, aliyekuja kwetu baada ya mji wao kushambuliwa.

"Mzee, mbona mmechelewa?"

"Tumewahi," baba akasema, akamwonyesha mkono. "Bado kidogo itimie tisa."

Mlinzi akatazama saa, akatazama uso wa baba. Akavua kofia.

"Mzee wangu. Gari lilikuwa hapa asubuhi. Wamekungoja, kisha wakaenda. Siku hizi hawaruhusiwi kusimama barabarani muda mrefu, kwa habari hizi za watu wa porini wenye silaha. Wamekwisha rudi."

"Wamefanya kazi?"

"Wamefanya."

"Nani alikuwepo?"

"Yule mwalimu wa mjini, wa msikiti. Amesoma dua, mzee. Wameheshimiwa."

"Mwalimu hamjui mke wangu," baba akasema.

Alisema polepole, si kwa hasira. Aliikunjua ile sanda kidogo, akaikunja tena ilivyokuwa.

Makaburi mapya yako nyuma ya kijiji kipya, mwendo wa kutembea. Tulikwenda moja kwa moja. Yalikuwa matatu, yamejengewa kwa saruji, marefu sawa, mapana sawa, kila moja lina kibao chenye namba. Saruji ilikuwa bado mbichi. Vibarua wawili walikuwa wanaosha koleo.

"Mbao," baba akawauliza. "Kuna mbao mmezikuta ndani. Za lipi?"

Wakatazamana. Mkubwa wao akasema, "Zilikuwa zimeoza, mzee. Tulizikusanya zote pamoja tukazichoma, ndivyo tulivyoagizwa. Kwa ajili ya maradhi."

"Kulikuwa na nyekundu?"

"Zote zilikuwa nyeusi, mzee."

Baba akaenda kusimama mbele ya kaburi la kwanza, akahamia la pili, akahamia la tatu. Alirudi katikati. Nilidhani atakaa chini, lakini alibaki amesimama, sanda mkononi, mpaka vibarua wakaondoka wakitupita kwa aibu.

Mkalimani alikuja nyumbani siku ya pili yake. Alikuwa ameambiwa. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, hakugusa chai.

"Mzee, mkubwa alisema nove. Nami nikasema tisa. Nove ni tisa, mzee. Ndivyo nilivyofundishwa kuhesabu."

"Ndiyo," baba akasema. "Ni tisa."

"Kwetu bara tunasema saa kwa Kireno, ya Kiswahili sikuwahi..." Machozi yalikuwa yanamtoka, akayafuta na ile fulana ya ofisi. "Nitawaomba wafungue tena, mzee."

"Wafungue niangalie nini? Mlango umechomwa." Baba akamsogezea kikombe. "Kunywa chai, mwanangu. Hukusema uongo. Na saa yangu haikusema uongo. Kunywa."

Baada ya hapo baba hakuzungumza jambo hilo, na mimi nilirudi kwenye kitambaa changu. Sikupata ile raha. Nilitazama yale makasha mazuri yenye majina ya watu wengine, nikawa naogopa kuyafungua. Fundi simu aliniona siku nyingi sina kitu mkononi. Hakunitania. Aliniwekea chupa mpya ya gundi mbele yangu, akaendelea na simu zake.

Siku moja baba akavua saa, akaiweka mbele yangu kifudifudi.

"Hapa nyuma," akasema, akigonga chuma. "Panaweza kuwa kioo?"

"Panaweza. Lakini haitazuia maji vizuri."

"Sitaitia maji."

"Uone nini, Baba?"

"Nione kilichomo."

Ilinichukua siku nyingi. Nilikata kwa tupa katikati ya kile kifuniko cha chuma, kidogo kidogo, ukingo ubaki, nikauzungusha kwa msasa mpaka ukawa laini. Kioo nilikitoa kwenye saa iliyokufa, nikakisaga ukingoni kwa mchanga na maji. Cha kwanza kilipasuka, cha pili kikakaa. Nilipoigeuza saa juani mashine yote ilionekana: kile kipande kizito chenye umbo la nusu mwezi kikizunguka, na chini yake gurudumu dogo likienda na kurudi. Nikampelekea baba.

Baba aliishika kwa vidole viwili.

"Ni ile ile uliyotia mwanzo?"

"Ile ile. Hakuna aliyeifungua ila mimi."

"Naiona," akasema. "Naiona."

Kila Alhamisi jioni tunakwenda kwenye yale makaburi matatu. Baba husimama karibu na la katikati, si mbele yake hasa, bali mahali ambapo anaweza kuyageukia yote bila kuhama. Anasoma. Akimaliza, jua likiwa bado kidogo, anavua saa na kuilaza kiganjani, uso chini, mgongo juu, anaangalia lile gurudumu. Zamani wakati kama huo alikuwa akingoja kidirisha kibadilike. Mwadhini anaanza, Ijumaa inapanda upande wa chini, kwenye ngozi ya kiganja chake, na yeye haioni.