Alama Tano kwa Somo Tusilofundishwa

Nilikuwa nimebakisha sura mbili za tasnifu tuliposikia kwamba wakaguzi wanakuja kuamua kama programu yetu ya uzamili katika elimu iendelee au ifungwe. Ikifungwa, miaka mitatu ya Jumamosi zangu, kutoka Migori hadi Homa Bay na kurudi, ingekwenda na maji. Wiki hiyo hata chakula kilinishinda.

Darasa letu lilikuwa la walimu watupu, watu kumi na mmoja. Mwalimu akisikia neno mkaguzi, mikono huanza kazi kabla kichwa hakijafikiri. Shuleni tunajua kuandika maazimio ya kazi ya muhula mzima kwa siku moja, kwa kalamu tatu tofauti ili yaonekane ya zamani. Basi hojaji za wakaguzi, za kuyapa masomo yetu alama moja hadi tano, zilipoletwa, mwenzetu mmoja, naibu mwalimu mkuu kutoka Kosele, alijaza yake kwanza, akaipitisha.

"Nyaminwa, weka tano tano," aliniambia. "Wakifunga hii kitu, sisi wote tumeisha."

Tukanakili. Sisi tunaowaadhibu watoto kwa kuibia mtihani, tulinakili mpaka maoni ya chini ya ukurasa.

Wakaguzi walikuwa watatu. Mwenyekiti wao, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alituita ukumbini, wahadhiri upande mmoja na sisi upande wa pili. Akauliza kwa upole somo la takwimu lilifundishwa lini. Somo hilo lilikuwa likiahirishwa kila muhula kwa kukosa mhadhiri, na sote tulikuwa tumeliwekea alama tano kati ya tano.

Njia ya mwongo ni fupi, na yetu iliishia pale pale. Mama yule akanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa mwakilishi wa darasa. Msimamizi wa tasnifu yangu aliketi mkabala nami, akinitazama bila kupepesa macho. Sura yangu ya tatu ilikuwa imelala kwake miezi minane.

Nilimwogopa. Lakini hasira nayo ilikuwa imenipanda, na mimi nikikasirika sijui kunong'ona. Nilisema tulinakili. Nikaitaja na ile sura. Kisha nikasema jambo ambalo sikuwa nimelipanga: kwamba zamani niliwaita wavivu wavulana wa shuleni kwangu, karibu na Masara, wanaotoroka kwenda kwenye mashimo ya dhahabu, na ni somo la mbinu za utafiti lililonifundisha kwenda kuketi nao na kuuliza kwanza. Wanne walirudi darasani.

"Ungejiunga tena?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi ningejiunga. Lakini mdogo wangu anataka kuja mwakani, na nimemwambia angoje."

Wahadhiri waliinamisha vichwa. Naibu wa Kosele hakunisalimia tena.

Programu ilipewa mwaka mmoja ijirekebishe. Wiki hiyo hiyo msimamizi wangu aliandika barua ya kujiondoa, nikapewa mwingine, ambaye alisoma kazi yangu yote kwa siku tisa. Kisha akaniita, akaniambia kwa heshima kwamba swali langu la utafiti lilikuwa na kosa tangu ukurasa wa kwanza, na kwamba yeyote aliyeusoma ukurasa huo angeliona. Nikaanza upya.