Tumeinama kwenye mlango mrefu

Leo nimeinama kupita kwenye mlango mrefu kuliko mimi, na mume wangu ananiangalia.

Tuko Mwazye, nyumbani kwa mama. Lile jiko la nyasi tulilokulia kaka amelibomoa, palepale amemjengea mama jipya la tofali na bati.

Mume wangu akacheka: "Unamwinamia nani?"

Nikaona aibu. Lile la zamani mlango ulikuwa mfupi, usipoinama unaacha ngozi ya paji la uso pale juu.

Mara mama akaingia na unga wa ulezi. Akainama.

Kaka akafuata na kuni. Naye akainama, na mlango kaupima mwenyewe jamani.

Mama akamgeukia mume wangu: "Mkwe, hao wamekulia kwangu."

Jiko limebomolewa, mlango wake tunatembea nao.

Mliokulia jiko la nyasi, na ninyi bado mnainama?