Dobi na mfalme ambaye hakutawala

Jua halijafika mlangoni, dobi analowesha kidole, anaigusa pasi kwa chini na kusikiliza. Pasi inalia kidogo. "Imekubali," anasema, kisha analaza shati la kwanza juu ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu.

Mtaani wanamwita Mlinzi, ingawa hajawahi kulinda hata banda la kuku. Jina hilo alilipata jukwaani. Kwa miaka kumi na tisa, yeye na rafiki yake, fundi cherehani, waliigiza mchezo mmoja katika ukumbi ulio nyuma ya soko. Fundi alikuwa mwana wa mfalme, dobi alikuwa mlinzi anayeubeba mwili wake mwishoni.

"Alikuwa mzito," anasema. "Na siku ya mchezo anakula mara mbili. Makusudi."

Fundi alifariki miaka mitatu iliyopita. Sasa binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, anaufufua mchezo huo Jumamosi hii. Waigizaji wote wa zamani wamekubali kurudi, isipokuwa huyu anayepiga pasi.

Kinachomkwamisha ni sentensi moja.

Katika mchezo huo, mwana wa mfalme anaapa kwamba atakayefungua lango la mji wakati wa vita atauawa. Anayelifungua ni mdogo wake, aliyetoka kumtafutia mama yao dawa. Kiapo kinatimizwa. Kisha kaka mtu, kwa uchungu, anaingia vitani bila ngao, na anakufa siku moja kabla ya kutawazwa. Mlinzi anambeba begani, anawageukia watazamaji na kusema: "Huyu angekuwa mtawala mwema." Taa zinazimwa.

"Mwema kwa nani?" dobi anauliza, akinyoosha kola. "Amemuua mdogo wake kwa ajili ya neno. Mimi na wewe angetubakiza?"

Mkewe, anayekunja nguo pembeni, hakubaliani. "Afadhali huyo asiyependelea ndugu. Wengine tumewaona, wanaanza na shemeji."

"Kwa hiyo ungempa nchi?"

"Ningempa, ajifunzie humo humo. Wewe uliponioa ulikuwa hujui hata kuomba radhi. Si umejifunza?"

"Nimejifunza, au nimechoka?"

Bado wanacheka pale binti wa fundi anapoingia, joho jekundu la mchezo limekunjwa mkononi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunikamata."

"Nimekuja kuuliza mara ya mwisho. Ukikataa, nafasi nampa muuza viatu." Analiweka joho mezani. "Nilikuwa naketi mbele kabisa, mdogo hivi. Ukifika kwenye maneno yale, mabega yako yalikuwa yanatetemeka kwa kilio. Na mimi nalia nawe. Nataka watoto wangu waone vile."

Dobi anaisimamisha pasi.

"Sikuwa nalia, mama. Nilikuwa nazuia kicheko."

Anasimulia polepole, kama mtu anayefungua sanduku asilojua kama atalifunga tena. Kila alipomaliza kusema sentensi ile, maiti aliyekuwa begani alimnong'oneza sikioni: "Muongo wewe." Kila onyesho, bila kukosa. Kisha njia nzima ya kurudi nyumbani walibishana, fundi akishikilia kwamba yule mwana wa mfalme hafai hata kuongoza foleni ya maji.

"Na wewe?" binti anauliza.

"Mimi nilikuwa namtetea. Nilikuwa nasema, kosa lake ni moja, hakuwa na rafiki wa kumwambia ukweli. Angempata mmoja tu, angetawala vizuri." Anapangusa jasho kwa mkono wa shati. "Baba yako alipoondoka, upande wake wa ubishi ukabaki mtupu. Sikuvumilia. Nikahamia mimi."

Mkewe ameacha kukunja nguo. Binti anatazama chini.

"Nikiisema Jumamosi," anaendelea, "hakuna atakayenibishia. Hilo ndilo ninaloogopa."

Hatimaye analivuta joho, analitandaza mezani, anatafuta mshono wa bega kwa vidole.

"Nitakuja," anasema. "Na nitaisema, kwa sababu naiamini. Ila nikishasema, taa msizime upesi."

"Tungoje kiasi gani, baba mdogo?"

"Kiasi cha mtu kunong'ona maneno mawili."